Unga wa Meno wa Karafuu

Nyumbani, 4 Machi

Kaka yangu,

Kabla hujauliza: mama hajambo, mimi sijambo, paa bado linavuja palepale. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu unaijua simu ya nyumba hii. Tangu masikio ya mama yaanze kuwa mazito tunaiweka spika, na yeye hakubali mtu azungumze na mwanawe pembeni kama wezi. Kwa hiyo ya kwenye simu ni ya wote, na ya kweli ni ya barua. Kifurushi hiki nakipitisha ofisi ya mabasi kama kawaida.

Humo ndani utakuta kichupa cha glasi chenye kifuniko cha bati. Usikitie kwenye chai. Ni unga wa meno, nimeutengeneza mwenyewe.

Nikwambie ulikotoka. Mwezi wa pili kikosi chetu cha usafi kilipewa mtaro wa nyuma ya soko, ule ambao mvua ikinyesha unamwaga maji madukani. Tulichimba siku tisa. Chini kabisa, kwenye tope ambalo nadhani halijaona jua tangu sisi tukiwa shule, koleo langu likaibua tyubu ya dawa ya meno. Ni ile aina tuliyokuwa tunanunuliwa utotoni, yenye mstari mwekundu, ambayo haitengenezwi tena. Nikaisuuza. Rangi haijapauka hata kidogo. Kaka, baba tumemzika na ameshakuwa udongo, na tyubu kama aliyokuwa akituminyia asubuhi bado iko, inang'aa. Siku ile nilirudi nyumbani sina hamu ya kula.

Basi nikaanza. Nilijaribu kwanza vidonge, vile unavyotafuna halafu unapiga mswaki. Mama alimeza vitatu akidhani ni vya presha. Nikaachana na vidonge, nikaja kwenye unga: chokaa safi ya duka la dawa, soda ya kuumulia keki, chumvi kidogo, mnanaa mkavu, na karafuu niliyoisaga mpaka ikawa vumbi. Unalowesha mswaki, unachovya, basi. Chupa ikiisha unairudisha nikujazie. Wenzangu saba wa kikosi wameshachukua.

Mama ndiye mgumu. Anasema hawezi kutia kinywani vitu vya kabati la jikoni kisha aambiwe ni usafi. Wewe ndiye fundi wa meno katika ukoo huu. Jaribu, kisha useme kweli.

Mdogo wako, wa mitaroni


Karakana, 15 Machi

Mama Usafi,

Unga umefika. Nimeutumia siku tatu, na wenzangu wa jengo hili wameniuliza kama nimeanza kuoka mikate.

Unapiga vita plastiki, sawa. Lakini yale meno matano ya chini kushoto niliyomtengenezea mama, unadhani yamekaa juu ya nini? Ni plastiki, mdogo wangu, plastiki ya rangi ya fizi iliyopikwa kwenye sufuria. Siku kikosi chako kikija kukagua nyumba, mfiche bimkubwa chini ya kitanda.

Unga wenyewe si mbaya. Ila mimi si daktari, kumbuka hilo. Mimi ni mtu wa chumba cha nyuma. Daktari anamwangalia mgonjwa, ananiletea chapa ya fizi zake, mimi nachonga meno na kumrudishia. Siruhusiwi hata kumwambia mgonjwa apanue kinywa. Kwa hiyo usije ukaandika kwenye chupa zako kwamba fundi wa meno ameupitisha. Nakujua.

Najua utauliza nakuja lini. Kazi imebana. Daktari ameongeza chumba cha pili na fundi ni mimi peke yangu. Tuseme mwisho wa mwaka.

Kaka yako


Nyumbani, 20 Aprili

Fundi wangu,

Nina habari ya kukufanya umeze maneno yako. Mama ameukubali unga, tena si kuukubali tu, ameushikia bango. Siku moja nilirudi mapema nikamkuta anasugua mchana, bila kuambiwa na mtu. Sasa anasugua akiamka, anasugua baada ya kila mlo, anasugua kabla ya kulala. Kichupa ninachotumia mimi mwezi mzima yeye anakimaliza kwa wiki moja. Juzi ameniomba niongeze karafuu. Nikaongeza. Wateja wengine wanalalamika kwamba inawachoma ulimi, yeye anasema ndiyo kwanza imekolea.

Nilisimama mlangoni nikamtazama. Alikuwa amefumba macho, unga ameukusanya upande wa kushoto, ametulia kama mtu anayesikiliza redio. Nitakwambia wewe tu, maana kazini watanicheka. Nilijisikia nimefanya jambo moja la maana. Miaka kumi na moja nazoa uchafu wa watu na kesho yake wanaurudisha. Hii ni mara ya kwanza nazuia kitu kabla hakijafika mtaroni.

Mwenye duka la dawa naye amesema nikiweka lebo nzuri atazipanga chupa zangu dirishani.

Mdogo wako


Nyumbani, 2 Mei

Mwanangu kipenzi,

Nimeandika mwenyewe na nitaipeleka mwenyewe ofisi ya mabasi, nikijifanya nakwenda kuchukua dawa za presha. Mdogo wako asijue. Nyumba nzima imekuwa kiwanda cha chupa, na yeye nikimpa jambo hulibeba mpaka limlemee.

Ni haya meno uliyonitengenezea. Yananibana upande wa ndani, chini kushoto, karibu na ulimi. Si sana. Kimetoka kidonda kama punje ya mtama. Nimefundisha darasa la kwanza miaka thelathini na nimeona watoto wakinyamaza na vidonda vikubwa kuliko hiki, kwa hiyo usishtuke.

Nafikiri yanataka kusuguliwa kidogo tu. Ungekuwa hapa ungeyaweka sawa kwa dakika tano, pale mezani, kama siku ile uliponipima. Utakuja lini? Siulizi kwa kukulaumu. Nauliza nijue.

Mama yako


Karakana, 11 Mei

Mama,

Shikamoo. Barua yako imeninyima raha. Usiyavae kabisa hayo meno. Yafunge kwenye kitambaa kibichi, uyatie kwenye kopo, uyapeleke ofisi ya mabasi kwa jina langu. Nitapunguza ukingo wa ndani na kuyang'arisha, yatakurudia upesi. Kwa sasa sukutua kwa maji ya chumvi.

Na mimi nina ombi langu la siri. Yale meno nilikutengenezea wakati wenzangu wamekwenda kula, kwa vifaa vya karakana, na chapa ya fizi niliichukua mwenyewe bila daktari yeyote kukuangalia. Fundi akigundulika amefanya hivyo hapati kazi tena, hapa wala kwingine. Ukienda kwa daktari wa huko, swali la kwanza litakuwa nani amekuwekea. Tulimalize mimi na wewe.

Kuja siwezi, mama. Kazi imenifika shingoni. Lakini meno yatakuja.

Mwanao


Nyumbani, 30 Juni

Kaka,

Nina swali la kazi. Lijibu kama fundi, usilijibu kama kaka.

Mteja wangu mmoja, mtu mzima, ana kidonda kinywani. Kimekuwepo muda kidogo. Anatumia unga mara nyingi kuliko ninavyoelekeza. Juzi nimeona, yaani yeye ameona, damu kwenye beseni. Je, chumvi inaweza kufanya hivyo? Au ni chokaa? Naichekecha kwa kitambaa mara mbili, lakini kitambaa ni kitambaa. Nimepunguza chumvi nusu. Nimefikiria kuondoa karafuu pia, labda ndiyo inayounguza.

Chupa ishirini ziko dirishani kwa mwenye duka la dawa, kwa hiyo unaelewa kwa nini nauliza.

Mama hajambo. Amepungua kidogo, nafikiri ni joto. Meno yako hayavai siku hizi, anasema yanamchosha.

Mdogo wako


Karakana, 9 Julai

Mdogo wangu,

Umeuliza kama fundi, nakujibu kama fundi. Unga wowote wenye chengachenga unakwangua. Na chumvi juu ya kidonda ni chumvi juu ya kidonda, hilo halihitaji shule. Mwambie huyo mtu aache, na wewe acha kumpa. Nilikwambia tangu Machi kwamba mimi si daktari. Wewe pia si daktari, wewe ni mtu wa mitaro. Hizo tyubu unazozichukia zimejazwa na watu waliosomea. Ukichubua fizi za watu kwa sababu uliionea huruma tyubu ya topeni, hakuna atakayekushukuru.

Maneno yamekuwa makali. Nina mambo yangu yananisumbua, usiyatafute.

Mama anakula? Meno kama hataki kuvaa asivae, usimlazimishe. Na usimzungushe kwa madaktari kwa kila kitu kidogo. Wazee wakiguswaguswa ndipo wanapougua.

Kaka yako


Nyumbani, 1 Agosti

Mwanangu,

Meno yamefika kwa mara ya pili. Uliyafunga vizuri, karatasi juu ya karatasi, mpaka nikadhani umenitumia yai. Nimeyavaa siku moja. Yanabana palepale. Sasa naona kosa hili halionekani kwa mbali, linataka mtu ayatazame yakiwa kinywani. Ukipata hata siku mbili.

Mdogo wako ameondoa karafuu kwenye unga wangu na hakusema kwa nini. Ananizunguka kama mtoto aliyevunja sahani. Nilimwomba airudishe, akalia. Kuna jambo unalijua?

Chakula nakula laini. Simu ikipigwa Jumapili usishangae nikiwa na maneno machache, ni masikio tu.

Mama yako


Nyumbani, 3 Septemba

Kaka,

Yule mteja ni mama.

Nimekuficha tangu Juni, na sasa siwezi tena. Ana kidonda upande wa kushoto, na nimekifanya mimi. Nilimpa unga mkali, akaupenda, nikaufanya mkali zaidi kwa sababu nilipenda kupendewa kitu changu. Nilipoona damu nikapunguza chumvi. Nikasaga upya. Nikaondoa karafuu. Nikabadilisha chokaa. Nimemtengenezea mama aina sita za unga tangu Juni, kila moja laini kuliko iliyotangulia, na kidonda hakiponi. Ningesema mapema, lakini wewe uliniandikia kwamba mimi ni mtu wa mitaro, na ulisema kweli, na kweli ile ikanifunga mdomo.

Kila ninaposema twende hospitali mama anasema kesho, na mimi nashukuru moyoni, maana najua watauliza anatumia nini. Huyo ndiye niliyekuwa, kaka. Namwona mama anameza kwa kufumba macho, na mimi nafikiria lebo.

Nisamehe. Ukitaka kunitukana, tukana, halafu niambie la kufanya.

Mdogo wako


Karakana, 4 Septemba

Mdogo wangu,

Nina jambo la kukwambia na nimelichelewesha kuliko inavyofaa.

Mama ana kidonda kinywani. Aliniandikia tangu Mei, akasema nisikwambie. Ni meno yangu. Nilimpima mwenyewe pale mezani siku ambayo wewe ulikuwa kazini, nikayachonga kwa wizi wa muda na wizi wa vifaa, na yamemchuna. Mara mbili ameyarudisha kwa basi. Nimeyaweka juu ya chapa yake mara nne na sikuona panapobana. Nikapunguza hivyohivyo. Fundi anayepunguza asichokiona anafanya kazi kwa hofu tu.

Nilimkataza asiende kwa daktari ili nisifukuzwe. Nimeandika sentensi hiyo na nimeiangalia, na hivyo ndivyo ilivyo. Na wewe nilikukaripia kwa ajili ya unga wako kwa sababu nilipata wa kumkaripia.

Mpeleke hospitali. Wakiuliza meno ni ya nani, nitaje.

Kaka yako


Nyumbani, 14 Septemba

Kaka,

Barua yako na yangu zimepishana njiani. Yako nimeisoma nimesimama kwenye dirisha la vifurushi mpaka watu wa nyuma wakaanza kunisukuma. Nimeisoma tena nikifika nyumbani. Tangu Mei wewe umekuwa ukipunguza meno, na tangu Juni mimi nimekuwa nikipunguza unga, kila mmoja na kosa lake mfukoni. Ndipo nikaanza kuona kitu kibaya zaidi: kama meno yako hayavai tena na unga nimeulainisha mara sita, ni nini kimebaki kinachomuumiza?

Nilimkalisha mama kwenye kiti cha karibu na dirisha. Nikamwambia, mama, panua. Akakataa, nikamwambia kwamba nimesoma kila alichokuandikia. Nilikuwa nimesoma barua yako moja tu, lakini alipanua. Nikawasha tochi.

Kiko chini ya ulimi, kaka. Hakiko kwenye fizi. Meno yako hayafiki pale. Unga wangu haufiki pale mpaka mtu aupeleke makusudi. Ni kikubwa kama kifungo cha koti, kingo zimeinuka, na nilipokigusa kilikuwa kigumu kama kisigino. Shingoni upande huohuo kuna uvimbe. Amekuwa akifunga kitambaa na mimi nikadhani ni baridi.

Nikamuuliza, karafuu ulikuwa unaitakia nini mama? Akasema inaganzisha.

Tumekwenda hospitali leo asubuhi. Wamekata kipande kidogo wapeleke kupimwa. Daktari alimuuliza ana muda gani nacho, mama akasema wiki chache. Mimi nikasema tangu Aprili. Daktari akaandika Aprili, hakunitazama.

Mdogo wako


Karakana, 22 Septemba

Mdogo wangu,

Nimemwambia daktari wangu kila kitu: meno, vifaa, chapa, barua. Aliweka chini kioo alichokuwa ameshika akauliza swali moja, miezi mingapi. Nikamjibu. Akasema kidonda cha kinywa kikipita wiki tatu hakijapona, hakingojwi. Akasema nimekaa naye ukuta kwa ukuta miaka sita na hilo ningeweza kumuuliza nikikoroga chai.

Hajanifukuza. Ningependa angenifukuza, ningekuwa na cha kufanya.

Nitakuja majibu yakitoka. Kusema kweli naogopa. Sijui nitaingiaje mlangoni, na nikishaingia nitaweka wapi mikono. Kwa sasa nimeweka ndani ya kifurushi dawa ya kusukutua, ya maji, isiyochoma, na mito miwili laini ya shingo. Mpe.

Kaka yako


Nyumbani, 18 Oktoba

Kaka,

Majibu yametoka. Ni saratani, na imeshateremka shingoni. Wamesema kukata hakutamsaidia, kutamwongezea jeraha tu. Wametupa dawa za maumivu na karatasi ya maelekezo. Mama aliisoma ile karatasi hadi mwisho, akatoa kalamu kwenye mkoba na kusahihisha neno moja.

Kusema sasa kunamtesa. Anaandika kwenye daftari la mistari, kwa mwandiko uleule wa ubaoni. Ananiandikia niwashe feni. Ananiandikia nile.

Nimekwenda kuondoa chupa zangu dirishani. Mwenye duka akashangaa, akasema unga wako hauna kosa lolote, watu wanaupenda. Nikamwambia najua. Sikuweza kumweleza kwamba hilo ndilo linaloniuma: haukuwa na kosa, ulikuwa mzuri kiasi cha kutosha kumnyamazisha mama. Ningemtengenezea unga mbaya angelia mwezi wa nne. Nyumba bado inanukia karafuu na sijui niitoe vipi. Nimefua mapazia.

Mswaki hawezi tena. Hospitali wametoa jeli ya kumpaka, imo kwenye tyubu ya plastiki. Nampaka kwa kidole mara nne kwa siku. Tyubu ya kwanza imeisha nikaiosha, nikabaki nimeishika. Kikosini wananijua kwa kelele zangu juu ya vitu hivi. Nimeitupa kwenye ndoo ya taka kama mtu mwingine yeyote, na sikuona vibaya, maana hiyo ndiyo inayomfanya alale.

Wanasema mficha maradhi kilio humfichua. Hapa kwetu tulificha wote watatu, kila mmoja akiwahurumia wenzake.

Majibu yametoka, kaka. Ulisema yakitoka utakuja.

Mdogo wako


Nyumbani, 27 Oktoba

Mwanangu,

Ulimi umekuwa mzito lakini mkono ni mzima, kwa hiyo hii itakuwa na maneno mengi kuliko simu zetu zote za mwaka huu.

Nimemwomba mdogo wako anisomee barua zako sikioni na anieleze alichokuandikia. Alikataa, nikamwandikia kwa herufi kubwa. Nimesikia jinsi mlivyogawana kosa langu, huyu anavuta kwake na yule anavuta kwake. Nataka kuwasahihishia. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote.

Unga haukunidhuru. Uliniganzisha, nikashukuru. Sikumwambia kwa sababu alikuwa na furaha, na furaha ya mtoto huyo si kitu unachokiona kila mwaka. Ningeanzia wapi kumnyang'anya.

Meno yako, mwanangu, hayajawahi kunibana. Yalikaa vizuri tangu siku ya kwanza. Kidonda nilikiona kwenye kioo, na nilijua hakitokani na meno, maana mimi si mjinga. Lakini nilijua pia kwamba nikisema mama anaumwa utasema mama nenda hospitali, na utatuma dawa. Nikisema kazi yako ina kasoro, utakuja mwenyewe. Tangu mdogo hukuweza kulala ukiambiwa umechora vibaya. Nikadhani nimekutega vizuri. Ukatuma kifurushi. Nikalalamika tena, ukatuma kifurushi kingine. Nilikuwa nafungua zile karatasi moja moja, huku najua ndani hamna mtu.

Sikuandikii ujute. Mtego nilitega mimi na nimenaswa mimi. Niliona hospitali itangoja, nikakungoja wewe kwanza. Pengine ningewahi, pengine nisingewahi. Daktari hakusema na mimi sikumuuliza.

Sasa sina tena cha kukutegea. Nasema tu kama mtu anavyosema: njoo. Usilete dawa. Usilete mito, iliyopo inatosha. Na huna haja ya kufikiri utasema nini, mimi mwenyewe sitaweza kujibu.

Mama yako


Karakana, 1 Novemba

Kwa Daktari,

Naomba ruhusa ya kwenda nyumbani kuanzia leo. Utakapoisoma hii nitakuwa nimeshapanda basi, kwa hiyo ukweli ni kwamba nakuarifu tu. Uniwie radhi kwa hilo.

Kazi nilizoziacha ni hizi. Meno ya taya la juu ya yule mshonaji yameshapikwa, bado kung'arishwa. Meno mawili ya mbele ya dereva yako tayari kwenye trei ya kulia. Yule bibi anayekuja Jumatano ulinipa rangi ya meno yake lakini sijaanza, na ningeomba umtafutie fundi mwingine asingoje.

Vifaa nilivyotumia kwa ajili ya mama yangu nimeviorodhesha kwenye karatasi ya pili. Nikirudi tutazungumza kama bado nina kazi, na kama sina pia tutazungumza.

Fomu ya ofisi ina mahali pa kujaza idadi ya siku ninazoomba. Nimepaacha wazi. Jana nilimpigia dada yangu mdogo, naye akawauliza wa hospitali, wakakataa kutaja idadi. Sijui mama amebakiwa na ngapi. Hizo ndizo ninazoziomba.

Fundi wako